Mlima Ukijificha, Anayelaumiwa Ni Mimi

Ukimwambia mtu wa mbali kwamba unaishi Moshi, hakuulizi tena habari za kazi, za watoto wala za ada ya shule, bali anakuuliza habari za mlima. Nimeishi katika mji huu miaka yangu yote 48, nikafungua kiduka cha vifaa vya umeme kule Pasua, nikaoa, nikajenga vyumba vitatu na choo cha ndani, lakini kwa ndugu na marafiki mimi ni bawabu tu, niliyewekwa chini ya Kilimanjaro ili niwapokee wageni na kuwaeleza kwa nini mwenye nyumba hajaamka.

Jambo la kwanza linalonichosha ni makoti. Wageni wanaotoka Dar es Salaam hushuka kwenye basi wakiwa wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, kana kwamba theluji inafagiliwa kila asubuhi pale stendi. Moshi mjini hapazidi sana mita 800 kutoka usawa wa bahari, na ukifika mwezi wa Februari joto lake humlazimisha mtu mzima mwenye heshima zake kulala sakafuni. Barafu pekee ninayoifahamu kwa karibu ni ile ya ukwaju, inayouzwa na mtoto wa jirani kwa shilingi 100, na hata hiyo huyeyuka kabla sijapata chenji.

Jambo la pili ni lile swali. Mgeni akishakunywa maji huweka glasi chini, akaniangalia usoni na kuniuliza kama nimeshapanda. Sijapanda. Nimefika lango la Marangu mara moja, tena kwa ajili ya harusi, nikala kiburu na nyama, nikanywa mbege kiasi, nikarudi nyumbani salama. Kutoka langoni hapo mtu hutembea hadi vibanda vya kulala vya Mandara, mita 2,700, kisha Horombo, mita 3,700, kisha Kibo, mita 4,700, halafu anaamshwa usiku wa manane apande kokoto gizani ili alfajiri imkute kileleni Uhuru, mita 5,895, akiwa na kichwa kinachomwanga na tumbo linalokataa chai. Nina rafiki mpagazi ambaye hubeba mzigo wa kilo 20 katika njia hizo kwa ajili ya kusomesha watoto, na huyo namvulia kofia, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuniambia kwamba anakwenda kule kupumzika. Shemeji yangu, ambaye husoma mambo kwenye simu ili aje kunibana nayo, alinikumbusha kuwa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, na kwamba watu wa Marangu husema aliyewaongoza alikuwa kijana wao Yohani Kinyala Lauwo. Nilimjibu kwamba ikiwa kijana wa Kichagga alishatuwakilisha wote mwaka 1889, sioni sababu ya mimi kurudia kazi iliyokwisha kufanyika.

Hayo yote yangevumilika kama mlima wenyewe ungekuwa na adabu, lakini hauna. Alfajiri huwa umesimama peupe, mweupe kichwani kama mzee aliyetoka kunyolewa, na hapo wageni wangu wote huwa wamelala. Jua likianza kupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kutoka tambarare na kutoka ule mkanda wa msitu, ikifika juu inapoa na kuwa wingu, na kufikia saa tatu au saa nne mlima umejifunika shuka mpaka utosini. Wageni huamka saa nne hiyo hiyo. Wakishakunywa chai hutoka nje, wakatazama kaskazini, wakaona wingu, kisha wakageuka na kunitazama mimi. Nimewahi kujikuta nikisema “samahani” kwa ajili ya wingu ambalo sikulileta.

Pasaka iliyopita shemeji alikuja na mkewe, watoto wao watatu na mama mkwe wangu, watu sita, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo wenyewe tuko watano. Nilikuwa nimemwonya kwamba Machi hadi Mei ni masika, na kwamba katika masika mlima unaweza kukaa siku kadhaa bila kuonyesha hata kidole. Alinijibu kwamba wao hawaji kwa ajili ya mvua. Mvua haikulifahamu hilo, ikanyesha Ijumaa Kuu kutwa, na Jumamosi ikanyesha tena. Jumapili, ili kupunguza lawama, niliwapeleka Chemka, zile chemchemi nzuri za upande wa Boma Ng’ombe, maji ya buluu chini ya miti, watoto wakafurahi kuning’inia kwenye kamba na kujirusha. Mke wa shemeji alichovya mguu mmoja, akautoa, akasema kwamba mahali pakiitwa Chemka mtu anategemea maji yawe ya moto. Nilimweleza kwamba maji yanachemka kwa kububujika tu, wala si kwa moto, naye akanitazama kama ananunua kwangu balbu iliyoungua.

Hapo ndipo nilipokata shauri la kuwapeleka juu. Sina maana ya juu mlimani, nina maana ya juu ya ghorofa la jirani. Nilipokinunua kiwanja changu, dalali alinionyesha Kibo, kile kilele kikubwa cha mlima, kwa kidole, akaniongezea bei kwa sababu ya kidole hicho, na kwa miaka tisa nilikunywa chai ya asubuhi nikiitazama. Kisha akaja mtu anayeishi mbali, akanunua upande wa kaskazini, akapandisha ghorofa mbili, akaishiwa fedha na kuziacha nondo zimesimama juu kama nywele za mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tangu hapo, kwangu mimi upande wa kaskazini ni matofali. Mlinzi wa jengo hilo hutoza shilingi 500 kwa kichwa kwa anayetaka kupanda kuona mlima, na kila jioni huja kwangu kuomba kiberiti. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi, kile kilele cha pili chenye meno, alikuwa na tabia ya kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi ameparuparuka vile hadi leo. Kila jioni ninapomkabidhi mlinzi kiberiti huikumbuka sana hadithi hiyo.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumejipanga kwenye ngazi zisizo na kingo, mimi mbele nikiwa na tochi, shemeji nyuma akiwa na koti lake, ambalo hatimaye lilikuwa limepata kazi. Mama mkwe alifunga kanga kiunoni, akavua ndara, akapanda pekupeku akiwa ameushika ukuta. Ghorofa ya kwanza alipumzika juu ya mfuko wa saruji iliyokwisha kuganda, akasema kwamba hapo pawe Mandara. Shemeji, huku akihema kuliko mama yake, aliuliza kama kweli Mwenge uliwahi kupandishwa huko juu, na mama akamjibu bila kugeuka kwamba usiku wa Uhuru wa mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha kileleni, na kwamba alikuwa na mzigo na baridi na hakulalamika.

Tulifika kwenye zege la juu, tukasimama kati ya nondo na madimbwi ya mvua. Mlinzi alituletea ndoo moja, akaigeuza ili mama akae. Kulikucha polepole: kwanza yakaonekana mabati ya Pasua, kisha migomba, kisha ukaja weusi wa msitu, na juu ya msitu likaja wingu zito, la kijivu, lililonyooka kwa chini kana kwamba limekatwa kwa msumeno. Tulilingoja saa nzima. Mtoto wa mwisho wa shemeji aliniuliza kwa upole, “Mjomba, mlima huwa mnaufungua saa ngapi?”

Mama mkwe peke yake ndiye aliyenitetea, akasema kwamba mvua ni neema na mahindi yanahitaji. Shemeji alipiga picha ya wingu, akaituma kwa wenzake wa kazini pamoja na maneno ambayo hakunionyesha.

Jumanne niliwasindikiza stendi, basi la saa kumi na mbili asubuhi, giza bado likiwa limetanda. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama niliyetua gunia, nikajilaza, na nusu saa haijaisha simu ikaita. Alikuwa shemeji, akipiga kelele kushinda injini ya basi.

“Shemeji! Tumefika Himo, mlima wote uko nje! Na ule wenye meno uko nje! Kumbe unakaa huku Himo, sasa sisi ulituweka Pasua siku zote hizo za nini?”

Nilitoka mbio nikiwa na kandambili za mke wangu, nikatazama kaskazini. Kati ya nondo mbili za ghorofa la jirani kilikuwa kinachungulia kipande cha theluji, kisichozidi ukubwa wa sahani ya chai, kikimetameta kwa jua la asubuhi. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni akipiga mswaki, akanitazama, akatema povu pembeni.

“Leo ni elfu moja, mzee,” akasema. “Leo umejifunua.”