Mwacheni dogo atoe pasi

Kuna kelele inanikera kwenye viwanja vya kikapu hapa Mbeya: "Shuti wewe!" Siku hizi anayepigiwa zaidi ni pointi gadi mmoja, yaani mchezeshaji wa timu, wa kidato cha sita, ambaye simtaji jina kwa sababu ni mtoto wa watu na ana mitihani. Aliumia goti mwaka jana, akakaa nje muda mrefu, sasa karudi. Na tangu arudi, wanaokaa ukutani kutazama wameshatoa hukumu: dogo kaisha. Ushahidi wao ni kwamba hafungi.

Lakini lini alikuwa mfungaji? Hata kabla ya goti, zikifika pointi sita kwa mechi ilikuwa sikukuu. Kazi yake ilikuwa kuutanguliza mpira mahali ambapo senta, yule mrefu wa chini ya ring'i, alikuwa hajafika bado. Timu ilikuwa inashinda, watu wakafurahi, na hakuna aliyejisumbua kuangalia ushindi unatengenezwa wapi. Pointi gadi wa namna hiyo ni kama mpishi wa shughuli: watu mia wameshiba, halafu anaulizwa mbona sahani yake haina nyama.

Nikiwasikia namkumbuka Ricky Rubio. Drafti ya NBA ya 2009, pale timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Watanzania tunaikumbuka kwa Hasheem Thabeet, aliyechukuliwa wa 2 na Memphis. Macho yetu yote yalikuwa kwake, na tulikuwa na haki. Nafasi tatu baadaye, Minnesota ikamchukua huyo Rubio, kijana wa Kihispania aliyeanza kucheza ligi kuu ya kwao akiwa na miaka 14, na ambaye mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 17, alicheza fainali ya Olimpiki ya Beijing dhidi ya Marekani. Aliingia NBA mwaka 2011. Kwa mechi 41 alikuwa na wastani wa pointi 10.6 na asisti 8.2, yaani pasi zinazozaa kikapu, na timu ambayo watu walishazoea kuicheka ikawa imeshinda 21 na kufungwa 20.

Tarehe 9 Machi 2012, mechi dhidi ya Lakers ikiwa mwishoni kabisa, akagongana na Kobe Bryant. Goti la kushoto, kano imekatika. Katika mechi 25 zilizobaki Minnesota ilishinda 5. Si kwamba goti la mtu mmoja ndilo lililoibomoa timu nzima, maana wenzake nao waliumia, akiwemo nyota wao Kevin Love. Lakini nani alikuwa anawalisha mipira?

Alirudi tarehe 15 Desemba 2012 dhidi ya Dallas, miezi tisa na siku chache tangu aumie. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Alipewa dakika 18 tu, akitokea benchi, akatoa asisti 9. Kwa kuwa Minnesota ilishinda, kwenye dakika za nyongeza, kila mtu akasema karudi. Hakuwa amerudi. Mgongo ukaanza kumsumbua, akakosa mechi, na alipocheza shuti zake zilikuwa zinagonga chuma tu. Ndipo ule wimbo ukaanza: goti limemmaliza, hafungi tena.

Sasa angalia hesabu. Msimu wa kabla ya kuumia alifunga karibu asilimia 36 ya mitupo yake. Msimu wa baada ya kuumia, karibu asilimia 36. Shuti lilikuwa bovu toka mwanzo! Goti halikuwa limechukua kitu ambacho hakikuwepo. Kilichopungua ni asisti, kutoka 8.2 hadi 7.3, na hata hizo zilikuwa zinapanda kadiri msimu ulivyosogea. Tarehe 12 Machi 2013, mwaka mmoja na siku tatu baada ya kuumia, aliwapiga San Antonio kwa pointi 21, rebaundi 13 (mipira anayodaka baada ya shuti kukosa) na asisti 12. Kwa hiyo tangu avae jezi tena hadi awe yule yule ilipita takriban miezi mitatu, na huyo ana madaktari wa timu, bwawa la mazoezi na sakafu ya mbao.

Wetu ana saruji yenye ufa katikati na ring'i isiyo na nyavu.

Nieleze kwa nini pasi inachelewa kurudi, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Wanadhani kutoa pasi ni kazi ya mikono, kwa hiyo goti haliihusu. Pasi ya pointi gadi mzuri inaanzia miguuni. Anakwenda kasi, anafunga breki ghafla, beki anapitiliza nusu hatua, na ile nusu hatua ndiyo mlango wa mpira. Ile kano ya ndani ya goti kazi yake ni kuzuia mfupa wa chini usiteleze mbele, hasa unapofunga breki na kugeuka. Mtu ambaye goti lake liliwahi kumsaliti hafungi breki kwa moyo wote. Anapunguza mwendo mapema, beki anamuona, mlango haufunguki. Mkono mzima, macho mazima, pasi hakuna.

Kwa dogo wetu niliiona wazi. Mwezi wake wa kwanza alikuwa anasimama kwa miguu miwili kabla ya kuachia mpira, kama anayesubiri ruhusa. Na alikuwa anamtazama anayempa. Zamani hakuwa anatazama: macho yanakwenda kona, mpira unakwenda ndani. Halafu juzi jioni, kwenye mazoezi, akaingia kulia kwa kasi, akakita mguu ule ule ulioumia, akadundisha mpira katikati ya mabeki wawili bila kugeuza shingo. Senta hakuwa tayari. Mpira ukampiga kifuani na kutoka nje. Ukutani wakacheka, mmoja akapiga kelele, "Dogo, unampa nani?" Kwenye karatasi ni mpira uliopotea. Mimi ningeuandika kwa wino mwekundu kama siku aliyopona. Kosa lilikuwa la senta, ambaye kwa miezi yote hii amezoea kulishwa taratibu.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ninayoiheshimu. Pointi gadi asiyetishia kushuti, mabeki wanamwacha, wanarudi nyuma, wanaziba njia za pasi. Ni kweli, na Rubio alilipia hilo miaka mingi. Lakini dawa yake ni kumfundisha shuti polepole nje ya msimu, mbele ya kocha mwenye subira. Kumzomea ashuti akiwa bado anajifunza kuliamini goti lake ni kumpa mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Kinachonitisha zaidi ni haraka. Utafiti wa Oslo na Delaware uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kwa magoti yaliyofanyiwa upasuaji wa kano, kila mwezi wa kusubiri kabla ya kurudi mchezoni, hadi mwezi wa 9, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa karibu nusu. Goti la dogo halikufanyiwa upasuaji, kano ilichanika bila kukatika, lakini sioni kwa nini yeye aharakishwe kuliko waliotibiwa kwa mamilioni. Na zile habari za kuchuliwa kwa maji ya moto na dawa ya kupaka nusu saa kabla ya mechi, jamani, hapana. Baridi ya huku Juni na Julai tunaijua wenyewe: mtu anatoka kwenye bajaji amekunja mikono kwapani, anavua sweta, anaingia uwanjani. Apashe mwili dakika 20 kamili, goti likiwa limefunikwa, ndipo aguse mpira.

Timu ina mechi Iringa hivi karibuni. Kocha, najua unasoma: usimwanzishe. Saa nyingi za basi na goti limekunjwa, halafu robo ya kwanza kwenye uwanja asioujua? Mpe robo ya pili na ya nne, na umwambie senta akae na mikono juu.