Saini ya Maputo na Mjane wa Jirani Yetu

Siku ya kuanua matanga kwa jirani yetu, wazee wa ukoo walikaa chini ya mwembe wakijadili mashamba ya marehemu, huku mjane akiwa jikoni anawapakulia wageni wali. Hakuitwa. Shemeji yake ndiye aliyemletea uamuzi: abaki nyumbani hapo mpaka kitindamimba amalize shule, kisha arudi kwao. Alifuta mikono kwenye kanga, akaitikia, "Sawa, shemeji," akaendelea kupakua.

Wakati huo Tanzania ilikwisharidhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa haki za wanawake ambao Umoja wa Afrika uliupitisha Julai 2003, nasi tukauridhia mwaka 2007. Ibara yake ya 21 inampa mjane haki ya kupata sehemu stahiki ya mali ya mumewe na ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa, lakini kwa mfumo wetu ahadi ya namna hiyo haimfikii mahakamani mpaka Bunge liitungie sheria. Kinachomfikia ni Amri ya Sheria za Mila ya 1963, isemayo kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake.

Ninapolilalamikia jambo hili huambiwa kuwa mila haziondolewi kwa kalamu. Hizi zilihifadhiwa kwa kalamu, tena ya serikali, zikachapishwa katika Gazeti la Serikali, na kalamu hiyohiyo inaweza kuzifuta. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka suala hili Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzibatilisha. Walikwenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, wakapewa haki yao mwaka 2015, na kamati ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na kuzirekebisha sheria hizo.

Ninachokitaka kwa wabunge wetu ni sheria moja ya mirathi, fupi, inayoibeba ibara ya 21 kama ilivyo, na itakayomfikia karani wa mahakama ya mwanzo, kwa maana huko ndiko wajane wanakokwenda kufungua mirathi.

Kitindamimba wa jirani yetu anafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii.