Bima ya kipato kwa mtumishi wa umma: anza na mkataba wa ajira

Mtumishi wa umma mwenye mkopo wa nyumba huwa na hofu kwamba akiugua muda mrefu, nyumba itapigwa mnada. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Ila kabla ya kuzungumza na wakala yeyote wa bima, ajue kwanza mwajiri ataendelea kumlipa kwa muda gani akiwa mgonjwa.

Tuangalie Uingereza. Mfanyakazi wa NHS, huduma ya afya ya umma, akishatimiza zaidi ya miaka 5 kazini hulipwa mshahara kamili kwa miezi 6 ya ugonjwa na nusu mshahara kwa miezi 6 inayofuata. Mtu huyu akikata bima ya kipato, yaani ile inayolipa sehemu ya mshahara mtu akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, na ikawa inaanza kulipa baada ya wiki 4, anatoa fedha bure, kwa sababu kampuni za bima kwa kawaida huhesabu anacholipwa na mwajiri kabla ya kutoa chochote. Akikubali kusubiri wiki 26 au 52, ada hushuka sana. Lakini mwenzake aliyeajiriwa mwaka huu ana mwezi 1 tu wa mshahara kamili. Kwake wiki 26 ni nyingi mno.

Wapo wanaopendelea bima ya marejesho ya nyumba, yaani ile inayolipa mkopo wa nyumba mwenye mkopo akiugua, na wana hoja nzito: ni rahisi kuielewa, na nyingine hulipa hata mtu akipoteza kazi, jambo ambalo bima ya kipato kwa kawaida hailigusi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hukoma baada ya miezi 12 au 24, na hailipii kitu zaidi ya mkopo na gharama chache zinazouzunguka. Zaidi ya hapo, anayeacha kazi kwa hiari halipwi, na serikali zinapopunguza watumishi mara nyingi huanza kwa kuwaomba wajitoe wenyewe. Uingereza ilikwishaonja uchungu wa kuuza bima bila kumtazama mnunuzi: benki zililipa zaidi ya pauni bilioni 38 kuwafidia watu waliouziwa bima za mikopo isivyostahili, wakiwemo ambao kamwe wasingeweza kudai.

Kwa aliyekaa kazini miaka mingi, mimi naegemea bima ya kipato yenye muda mrefu wa kusubiri. Inaweza kumlipa sehemu ya mshahara hadi apone au astaafu.

Hata hivyo, asitie saini kabla ya kuona maana ya "kushindwa kufanya kazi". Muuguzi aliyeumia mgongo hawezi kumwinua mgonjwa, lakini anaweza kukaa mezani na kupokea simu. Mkataba unaosema "kazi yako mwenyewe" utamlipa. Unaosema "kazi yoyote" utamnyima. Aulize pia kama posho za zamu za usiku zinahesabiwa kuwa kipato, na kama pensheni ya kustaafu kwa ugonjwa itakatwa kwenye malipo. Majibu hayo ayapate kwa maandishi.