Mulikuja Kusi, Mumerudi Kaskazi

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha kukusanya takwimu kwenye mradi wa kuwasaidia wavuvi kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mradi wenyewe sitautaja. Walinilipa kwa wakati, na chai ya saa nne ilikuja na mahamri, kwa hiyo kinyongo sina. Kazi ilikuwa kukaa dikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, upande wa Likoni hapa Mombasa, tangu alfajiri, kupima samaki kila chombo kikifika, kuuliza bei, na kujaza fomu.

Tulipima mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Juni, kabla mradi haujaanza. Ya pili ilikuwa Januari, mwaka na nusu baadaye, wavuvi wakiwa wameshapewa mashine za boti, masanduku ya barafu na semina za hotelini. Kilo zilikuwa zimepanda, na zimepanda kwelikweli. Msimamizi wetu alitabasamu siku nzima, na ripoti ikaandika kwamba mradi umeongeza mavuno ya wavuvi.

Jioni, nikifunga mizani, mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife, wavu wake wa kuvulia, akaniita. "Mwanangu, Juni mulikuja kusi imekaza, sisi tumelaza vyombo. Sasa mumerudi kaskazi, bahari shwari, hata mtoto wa chuoni apata samaki. Hiyo mizani yenu yapima samaki au yapima upepo?"

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kila mtu wa Pwani anayajua haya. Kuanzia kama Aprili hadi Septemba kusi huvuma, bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi au ngalawa havuki mwamba ila kwa kubahatisha. Kuanzia Novemba hadi Machi ni kaskazi, maji hutulia na kuwa angavu, na samaki hupatikana. Kwa hiyo ukipima Juni kisha ukapima Januari, lazima kilo zipande, mashine ziwepo zisiwepo. Hata ungewagawia wale wavuvi kofia za plastiki, kilo zingepanda, na ripoti ingesifu kofia.

Sisemi mashine hazikusaidia. Huenda zilisaidia sana. Ninachosema ni kwamba kwa namna tulivyopima, hatuwezi kujua. Swali lenyewe halikuwa wamepata kilo ngapi. Lilikuwa: wasingepewa mashine, wangepata ngapi? Utafiti wote wa chanzo na matokeo, pamoja na hesabu zake za kuumiza kichwa, umo ndani ya ile silabi moja, *-nge-*. Tulifundishwa darasa la sita tukaona ni ya kufaulia mtihani tu.

Kuijibu *-nge-* ni kazi, kwa sababu maisha yale ambayo hayakutokea hayapimiki kwa mizani. Unachoweza ni kutafuta kitu cha kukaa mahali pake: diko jingine lenye vyombo vya aina ileile na mwamba uleule, lisilopata mashine, ukalipima mwezi uleule. Hata hapo kuna mtego. Mashine zilipogawiwa, nani alipata? Walipata wenye vyombo vizima, wanaohudhuria vikao na wanaojulikana na viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia diko. Hao walikuwa wakivua kuliko wenzao tangu zamani. Ukiwalinganisha na kijana anayeazima mtumbwi wa ami yake, umepima tofauti ya bidii na uwezo, halafu tofauti yote ukaipa mashine.

Nimelileta hili la wavuvi kwa sababu ni dogo na linaonekana. Makosa ya namna hii yanapohamia kwenye mambo makubwa ya mji wetu, yanatugharimu.

Chukua visima. Siku hizi ukipita Kisauni au Likoni utasikia kisima cha fulani kimegeuka chumvi, sabuni haitoi povu, na mkokoteni wa mitungi ndio unaookoa nyumba. Ukiuliza sababu utaambiwa: tabianchi, bahari inapanda. Ni kweli bahari inapanda. Wastani wake duniani tangu 1993 ni kama milimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Lakini tazama upande wa pili. Chini ya mawe yetu ya matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba, kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake zipo kama mita 40. Kwa hiyo pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 tu, mpaka wa chumvi huko chini hatimaye unaweza kupanda kama mita 4. Sentimita 10 si kitu kwa jengo la ghorofa nane linalovuta maji usiku na mchana. Bahari, kwa mwendo huo wa wastani, inahitaji miaka 25 au zaidi kupanda kiasi hicho.

Hapo utaona kwa nini jina la mkosaji lina uzito. Mkosaji akiwa bahari, hakuna wa kumwita barazani. Akiwa pampu, ana mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana kibali au hana. Nashuku neno tabianchi limependwa na wakubwa wetu kwa sababu hiyo hasa: halijibu simu, na halina wakili wa kukutisha. Na namna ya kujua haihitaji kompyuta kubwa. Linganisha visima vilivyo umbali uleule kutoka baharini, vingine karibu na pampu kubwa na vingine mbali nazo. Vyote vikiwa chumvi, tuongee habari za bahari. Vya karibu na pampu vikiwa chumvi peke yake, mnajua mlango wa kubisha.

Lakini nisije nikageuka mwenye kukana tabianchi. Bahari yenyewe inatupa fundisho la upande wa pili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakilinganisha miamba iliyo ndani ya hifadhi za bahari, mojawapo ile ya Mombasa iliyotangazwa 1986, na miamba ya nje inayovuliwa. Nje walikuta wale viumbe wa miiba myeusi, wanaochoma miguu ya watalii, wamejaa tele na wanautafuna mwamba. Ndani walikuwa wachache. Sababu ni samaki aitwaye kikande, ambaye hula wale wa miiba. Kikande huingia dema, ule mtego wa kusuka, kwa urahisi, akiisha basi wa miiba hawana mlaji, na mwamba unaliwa hadi samaki wengine wanakosa pa kukaa. Ukimwambia mtu kwamba kitoweo chake cha jana ndicho kilichoangusha mwamba atakucheka, lakini mnyororo ndio huo, na ukuta wa hifadhi ndio uliouonyesha.

Kisha ukaja 1998. Maji ya Bahari ya Hindi yakapata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe, na mengi yakafa, ndani ya hifadhi na nje. Joto halikuuliza nani ana kibali cha kuvua. Ukuta uleule uliotuonyesha kosa la mvuvi ukatuonyesha jambo ambalo mvuvi hakulifanya. Wasingekuwa na pa kulinganisha, vifo vyote vya mwamba vingebebeshwa mwenye dema, kama kawaida.

Hata ukame wa 2020 hadi 2022 ulioua ng'ombe kule bara ulichunguzwa kwa *-nge-* hiyohiyo. Wanasayansi wa World Weather Attribution walilinganisha dunia yetu na dunia ya kwenye kompyuta ambayo haijapashwa joto na binadamu, na Aprili 2023 wakasema mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa aina ile uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Na si kwa kupunguza mvua tu. Kikubwa kilikuwa joto lililonyonya unyevu ardhini na kwenye mimea. Anayesikia "tabianchi" akafikiria mvua peke yake ameikosa nusu ya habari, na huenda atapanga msaada wake vibaya. Sisi wa Mombasa tuna cha kwetu cha kufanana na hilo. Homa ya dengi huhesabiwa kuwa ya msimu wa mvua, lakini mbu wake huzaa kwenye maji safi yaliyotulia, na mtaa wenye mgao wa maji ndio uliojaza mapipa na mitungi vyumbani. Ukosefu wa maji nao humlea mbu.

Nilipowaandikia wenye mradi kuhusu Juni na Januari, nilijibiwa kwa adabu kwamba bajeti ya kupima tena haipo na ripoti imeshapokelewa. Sawa. Mizani ile waliniachia, kwa kuwa sahani yake imepinda kidogo. Kusi ikiingia nitakwenda kwa yule mzee, na mchana wake nivuke kwenye diko la pili lisilopata mashine, ambako nimeshaomba ruhusa. Mzee amenionya nisitegemee kumkuta baharini mwezi huo, ila jarife la kushona halitakosekana.