Ng'ombe wa mahari na mjanja wa msafara

Kuna hadithi ya mapenzi ambayo wasomaji hawaichoki, na siku hizi husomwa kwa vipande kwenye simu hapa Dodoma, kuanzia Kikuyu mpaka Area D. Mwanamke ni mtu wa wajibu: mtoto wa kwanza, mlezi wa wadogo zake, neno la baba kwake ni la mwisho. Mwanamume ni mjanja mwenye maneno matamu na madeni kila alikopita. Wanakutana enzi za zamani, na mwishoni penzi linamtuliza mjanja. Wapo wanaosema hadithi hii inawaharibu mabinti. Wapo wanaosema waachwe wasome. Mimi nimeipima kwa kuileta hapa Ugogo, nchi ya Wagogo, miaka ya 1870, maana huku wajibu ulihesabika kwa vichwa vya ng'ombe.

Wakati huo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Msafara uliovuka ukame wa Marenga Mkali ulifika na kiu, ukawalipa watemi hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo na shanga, ukanunua nafaka na maji. Binti wetu yuko kisimani. Mwanamume anatokea na kitambaa cha merikani begani, nyimbo za pwani na habari za bahari. Haiba yake yote ameiokota njiani. Ndiyo maana ule mwisho wa kumtuliza unanitia shaka: ukimweka kwenye nyumba ya tembe achunge mifugo ya baba mkwe, yule aliyependwa kisimani atakuwa amebaki wapi?

Wanaoilaumu hadithi hii husema binti atajifunza kuvumilia uongo akitumaini mtu atabadilika. Hoja yao ni nzito kuliko wanavyoieleza. Miaka ile hatari haikuishia kwenye kuvunjika moyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya watu huku bara haikukoma siku ile. Mwanamke aliyeondoka na mgeni, akawaacha kaka na wajomba, hakuwa na mtu wa kumdai popote alipofikishwa. Mwandishi anayempamba mjanja bila kuligusa hilo amemdanganya msomaji vibaya sana.

Sasa upande wa pili. Mahari ya Kigogo ni ng'ombe, na hawaishii kwa baba. Ndugu wa upande wa baba na wa mama wana mafungu yao. Mara nyingi ng'ombe walioingia kwa dada ndio waliotoka kumwolea kaka. Kwa hiyo "ndiyo" ya binti mmoja ilishikilia ndoa ya mwingine, na akivunja, kuna watu wanaotakiwa kurudisha mifugo. Siudharau wajibu wa namna hiyo. Ulilisha watu katika nchi ambayo mvua ikikosa mwaka mmoja watu hufa. Lakini tazama kikao cha posa: kila mtu anajua fungu lake, na anayeolewa anaweza kuwa wa mwisho kuulizwa. Mjanja, pamoja na uongo wake, huenda ndiye wa kwanza kumwuliza, "Wewe unataka nini?" Swali hilo lina thamani hata kama mwulizaji hafai. Nalo halijazeeka: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na ni mwaka 2019 tu Mahakama ya Rufani ilipothibitisha kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

Nasimama na hadithi hii, basi, ila si na mwisho wake. Hata historia haikumwachia binti njia mbili tu, kubaki au kupotea. Wanawake walisafiri na misafara. Wapo waliobeba vyombo na kupika kambini, wakafika pwani na kurudi. Hao sijawaona sana katika riwaya zetu, na inaniuma.

Ningependa kusoma sura moja: usiku wa mwisho wa kambi, binti anamgeuzia mjanja swali lake. Kama hizo nguo ni zako kweli, kesho zigeuze ng'ombe, ukae chini mbele ya wajomba zangu, nami niwepo nikisikia. Mwandishi aache jibu lichelewe mpaka ngoma ya safari ianze kulia.