Mfupa wa Nani?

Saini ya shangazi yangu kwa kawaida ni nzuri, saini ya mtu aliyefundisha watoto mwandiko kwa miaka mingi, lakini ile iliyoko chini ya fomu yake ya ridhaa imepinda kama iliyoandikwa ndani ya gari linalopita kwenye makorongo. Aliitia akiwa amelazwa nusu kwenye kiti cha daktari wa meno, taa ikimmulika usoni na shavu la kulia likiwa limeshakufa ganzi. Alikuwa amekwenda kuwekewa kipandikizi cha gego la juu, yaani skrubu ya chuma inayozamishwa kwenye mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia. Sindano ilipokwisha kufanya kazi yake ndipo alipoambiwa kwamba mfupa wa mahali pale hautoshi, kwa hiyo "tutainua sainasi kidogo na kuongeza mfupa kidogo", na kwamba atie saini hapa. Jioni, uvimbe ukiwa umeanza kupanda kuelekea jichoni, alinionyesha kibandiko chenye namba kilichobandikwa kwenye nakala ya karatasi zake, akaniuliza: "Mwanangu, huu mfupa waliouongeza ni wa nani?"

Mimi sikuwa na jibu. Yeye pia hakuwa nalo, na ndiye aliyekuwa na mfupa huo kichwani.

Ningependa kumfahamu mtu aliyeliingiza neno "kidogo" katika lugha ya upasuaji. Juu ya mizizi ya magego ya taya la juu kuna uwazi mkubwa wenye hewa, nao ndio sainasi. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishikilia huanza kupungua kutoka chini, na wakati huohuo sainasi hutanuka na kushuka kutoka juu, hata baada ya miaka kadhaa kinachobaki katikati kinaweza kuwa sakafu ya milimita 2 au 3, ilhali kipandikizi cha kawaida kina urefu wa milimita 8 hadi 12. Ili nafasi ipatikane, daktari hufungua dirisha kwenye mfupa wa pembeni ya taya, au hupita kwenye tundu lilelile la kipandikizi, kisha huubandua taratibu utando unaoifunika sainasi kwa ndani, utando ambao mara nyingi haufiki unene wa milimita 1, akausukuma juu na kuijaza nafasi iliyoachwa wazi. Mtu anayeita kazi hiyo "kidogo" ama ni fundi wa ajabu ama hataki kuulizwa maswali.

Tena si jambo jipya ambalo madaktari bado wanatafuta namna ya kulieleza. Daktari wa meno Hilt Tatum alikuwa akiifanya kazi hii Marekani katika miaka ya 1970, wapasuaji wenzake Boyne na James wakaichapisha mwaka 1980, na mwaka 1994 mwingine, Summers, akaeleza njia ya kuinua sakafu ya sainasi kwa kugonga kwa nyundo ndogo kupitia tundu la kipandikizi. Muda wote huo umetosha kuboresha vifaa, umetosha kubuni vipandikizi vya kila umbo, ila haujatosha kumpata mtu wa kuketi na mgonjwa dakika 20 siku moja kabla. Wala hakuna anayeweza kusingizia dharura. Kukosa gego hakumuui mtu kabla ya Ijumaa. Unene wa mfupa wa shangazi ulikuwa ukionekana kwenye picha ya eksirei iliyopigwa wiki 2 kabla, na aliyeiona picha hiyo alijua tangu siku ile kwamba kipandikizi hakitakaa bila kuongezewa mfupa. Mtu pekee ambaye hakujua ni mwenye mfupa.

Narudi kwenye swali lake, kwa sababu naamini ndilo lililobeba mambo yote. Kinachojazwa chini ya utando kinaweza kuwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliochukuliwa kidevuni, nyuma ya taya la chini au hata nyongani, na hapo mgonjwa anapaswa kujua kwamba atatoka na kidonda cha pili ambacho pengine kitamuuma kuliko cha kwanza. Unaweza kuwa mfupa wa binadamu mwingine aliyeuachia baada ya kufa, ukasafishwa na kuhifadhiwa katika benki ya tishu. Unaweza kuwa wa mnyama, hasa ng'ombe, uliochomwa au kusafishwa kwa dawa hadi kila kilichokuwa na uhai kikaondoka na kubaki madini matupu yenye vitundu kama sifongo. Au pengine si mfupa kabisa, ni punje za kalsiamu na fosfati zilizotengenezwa maabara. Mara nyingi huchanganywa aina mbili. Zote hufanya kazi ileile ya jukwaa la mjenzi: mishipa ya damu ya mgonjwa hupenya katikati ya punje, seli zake zikafuata, na polepole mfupa wake mwenyewe ukajengeka humo. Mfupa wa mtu mwenyewe hugeuka haraka lakini pia hupungua haraka. Punje za ng'ombe hukaa miaka mingi bila kuisha.

Sasa, mimi sioni kinyaa. Shangazi naye, nilipomweleza, hakushtuka. Lakini yupo mtu ambaye kwake kubeba sehemu ya ng'ombe mwilini ni jambo la imani, na yupo ambaye mfupa wa marehemu hautamwacha alale, na yupo ambaye hali kabisa kitu kilichotokana na mnyama na hangependa kuanza kukila kupitia sainasi. Watu hao hawahitaji kuelimishwa kwamba punje zimesafishwa, wanahitaji kuulizwa. Halafu kuna jambo ambalo hata wanaokumbuka kuuliza hulisahau: dirisha lile la pembeni mara nyingi hufunikwa kwa utando wa kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na tishu za mwili, kabla ya ufizi kushonwa, na kolajeni hiyo mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Kwa hiyo mtu anaweza kujitahidi kuchagua punje za maabara kwa sababu ya dini yake, akaondoka ameridhika kabisa, huku kifuniko chake kikiwa ni kitu kilekile alichokuwa akikikimbia. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemwambia, basi.

Tulipokwenda kutolewa nyuzi nilimwuliza daktari swali la shangazi. Alinijibu kwa upole, "Usiwe na wasiwasi, umesafishwa vizuri." Sikuwa nimeuliza kama umesafishwa. Nilipolirudia swali, alilifungua faili, akasoma kibandiko, akasema ni wa ng'ombe. Ilimchukua kama nusu dakika. Vibandiko hivyo huja na chupa za punje, vikiwa na jina la bidhaa na namba ya toleo, ili vibandikwe kwenye faili na bidhaa iweze kufuatiliwa ikitokea tatizo. Mgonjwa aombe nakala yake na aihifadhi pamoja na picha zake, kwa sababu daktari atakayemtibu miaka 10 ijayo huenda akawa mwingine.

La pili ni muda, ambao nao hutajwa kwa kunong'ona. Mfupa uliobaki ukiweza kukishika kipandikizi imara, vyote viwili hufanywa siku moja. Usipoweza, mgonjwa husubiri miezi 4 hadi 9 ili kilichoongezwa kikomae, ndipo kipandikizi kiwekwe, kisha husubiri miezi mingine 3 hadi 6 kabla ya kuvishwa jino. Shangazi alidhani atatafuna baada ya wiki 3.

La tatu ni kuchanika kwa utando, ambako ndiko kasoro inayotokea zaidi kuliko zote: tafiti zilizojumlishwa zimekuta hutokea takriban mara 1 katika kila 5. Tundu dogo huzibwa palepale kwa kolajeni na kazi ikaendelea. Likiwa kubwa, daktari mwenye busara husimama, hushona, humrudisha mtu nyumbani kwa miezi kadhaa. Mgonjwa aliyeambiwa mapema ataelewa. Asiyeambiwa ataamka na habari kwamba hakuna kilichofanyika, na atadhani ameharibiwa. Ndiyo maana pia katazo la kupenga kamasi kwa wiki 2 au zaidi si adabu ya hospitali: shinikizo la hewa linaweza kuusukuma utando na kuzitawanya punje. Chafya ipigwe mdomo ukiwa wazi, mrija wa kunywea uwekwe kando, na mwenye safari ya ndege au kazi ya kupiga mbizi aseme kabla, asiseme baada. Kwa njia ya kugonga, baadhi ya wagonjwa hupatwa na kizunguzungu kikali, kwa kuwa mapigo ya nyundo huhamisha fuwele ndogo za sikio la ndani. Mtu hugeuka kitandani na chumba kizima kinazunguka naye. Kinatibika kwa kugeuzwageuzwa kichwa kwa utaratibu maalumu, lakini hebu fikiria kukipata peke yako usiku bila kuwa umekisikia hata kwa jina.

Mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aliyepigwa mionzi ya saratani usoni, anayetumia au aliyewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, na mwenye mafua ya sainasi yasiyokwisha: kila mmoja wao aseme hata asipoulizwa.

Nakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba upasuaji huu ni mzuri. Vipandikizi vinavyowekwa kwenye mfupa ulioongezwa hudumu kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka ya mwanzo inayofuatiliwa, na wengi hutoka na uvimbe, doa la zambarau shavuni na damu kidogo puani, basi. Nakubali pia kwamba wapo wagonjwa wanaosema "daktari, fanya unavyoona" na kufumba macho. Lakini huyo amechagua kutokujua, na kuchagua kunahitaji mtu awe amepewa nafasi ya kuchagua.

Nafasi hiyo ilikuwapo. Siku hizi kuna vipandikizi vifupi vya milimita 6 ambavyo kwa baadhi ya watu huondoa haja ya kuinua sainasi kabisa. Kuna daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, kuna meno ya kuvaa na kuvua. Na kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye kiti kile: kuacha pengo. Tangu miaka ya 1980 mtaalamu wa Uholanzi, Käyser, alionyesha kwamba watu wengi hutafuna vizuri wakiwa na meno ya mbele na magego madogo tu, bila yale ya nyuma kabisa. Huenda shangazi asingelichagua. Angalau angelicheka, kwa sababu pengo lake lilikuwa na umri wa miaka 11 na hakuwahi kulala njaa kwa ajili yake.

Sasa yuko mwezi wa 5 na anaendelea vizuri. Mwezi uliopita aliambiwa kwamba upande wa kushoto nao "unahitaji kuinuliwa kidogo", akajibu kwamba fomu ataondoka nayo. Iko mezani kwake hadi leo, chini ya miwani, haijasainiwa. Kwenye mstari unaosema "kuongezewa mfupa" amechora mshale, na pembeni, kwa ule mwandiko wake mzuri, ameandika: wa nani?