Robo ya Mangi na gunia la Tandale

Kila mwisho wa mwezi ushauri uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: acha vya kupima, nenda sokoni ununue kwa jumla, utaokoa hela. Hesabu yake haina kosa. Tuseme kilo ya sukari ni Sh 3,000, na Mangi, mwenye duka la mtaani, anakupimia robo kwa Sh 800. Ukirudi dukani mara nne umelipa 3,200 kwa kilo ileile. Kwenye mkaa ndiyo usiseme: anayenunua kopo kila jioni, siku akijumlisha makopo ya mwezi, atagundua gunia lilikuwa rahisi kwa mbali.

Nimeufuata ushauri huo kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam, na nimeuacha nusu.

Tuanze na hela yenyewe. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka Sh 370,000 hadi 500,000. Mwenye mshahara huo akienda soko la Tandale kununua gunia la mchele la kilo 50, kwa bei ya tuseme Sh 2,500 kwa kilo, ametoa 125,000. Hiyo ni robo ya mshahara kabla ya makato, na bado hajagusa mboga, mafuta wala nauli. Mwenye nyumba naye anasubiri kodi yake ya miezi sita kwa mkupuo. Na huyu angalau ana mwisho wa mwezi. Kibarua wa ujenzi ana leo tu.

Mama lishe ndiye anayenifurahisha, kwa kuwa hesabu yake inawashinda washauri. Hamsini elfu ikilala kwenye gunia chini ya kitanda haizunguki. Ikiwa jikoni kwake, tuseme inamzalishia elfu tano kwa siku. Basi ile elfu saba au nane ambayo angeokoa kwa kununua kwa jumla, anaipata kwa siku mbili za biashara. Anayemwona hajui kupanga kwa sababu nyumbani ananunua unga kilo moja moja, hajaelewa mtaji ni nini.

Kisha kuna kuhifadhi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wamepanga chumba kimoja chenye joto na unyevu wa Pwani. Mchele unaingia fukusi, unga unaganda na kuota uchungu. Mahindi yana adui wao, dumuzi, ambaye wakulima walimwita Scania kwa jinsi anavyofagia ghala. Ubaya zaidi ni ule usioonekana: mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoliwa majumbani. Nafaka isiyokauka vizuri, ikafungiwa kwenye kona isiyo na hewa, ni hatari kuliko bei ya Mangi.

Halafu kuna jambo ambalo kila mama wa nyumbani analijua na jedwali la bajeti halina safu yake: chakula kikiwepo, kinaliwa. Nilinunua dumu la mafuta la lita 5 nikijisifu. Wiki ya kwanza tukala chapati mara tatu, samaki akakaangwa badala ya kuchemshwa, na jirani akaja na kikombe chake mara mbili (humwambii hapana wakati dumu analiona). Likaisha siku ya kumi na tisa. Kwa vipimo vya Sh 500 tulikuwa tunafika mwisho wa mwezi kwa hela pungufu, ingawa kila kipimo, ukikitazama peke yake, kilikuwa ghali.

Tena Mangi hauzi sukari tu. Ana daftari. Siku mtoto ameumwa na hela yote imekwenda kwenye dawa, unamwambia "Mangi, niandikie," naye anaandika. Daftari hilo halifunguki kwa mtu anayepita mbele ya duka kila wiki na mifuko ya Kariakoo. Ile mia mbili ya juu kwenye kilo ya sukari, kwa sehemu, ni ada ya kuandikwa. Mtu anaweza kusema ni ada kubwa. Mimi nasema inategemea umewahi kulala njaa mara ngapi.

Lakini nisimfanye Mangi malaika. Vya kupima vina ujanja wake. Bei ya fungu la nyanya inabaki Sh 1,000 mwaka mzima, ila nyanya zilikuwa sita na sasa ni nne. Kikombe cha mafuta hakina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na ukikitazama kwa makini utaona kitako kimebonyezwa kwa ndani. Anayenunua kidogo kidogo hupandishiwa bei bila kuambiwa. Na bidhaa ikiadimika yeye ndiye wa kwanza kuumia. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uzalishaji viwandani, serikali ikatangaza bei kikomo ya sukari, lakini mitaani kilo ilivuka Sh 4,000. Waliokuwa na kilo kumi ndani walikunywa chai yao kimya kimya.

Kwa hiyo mimi huuliza kitu chenyewe kina tabia gani kabla ya kuuliza bei. Sabuni na mkaa havina utamu. Hakuna anayefua mara mbili kwa sababu mche upo. Hivyo, ukipata hela na pa kuviweka, nunua kwa jumla bila wasiwasi. Mchele na maharage, kiasi cha mwezi mmoja tu. Sukari na mafuta nimerudisha kwa Mangi. Gesi ndiyo inayonisikitisha: kwa wengi ingekuwa nafuu kuliko makopo ya mkaa, lakini mtungi unadai hela yote siku moja, na siku hiyo mara nyingi haipo. Mitungi yenye mita, unayolipia kidogo kidogo kwa simu kama umeme wa LUKU, imegusa penyewe. Kampeni nyingine za nishati safi zinahubiri faida ambayo mama tayari anaijua.

Gunia la mchele sasa tunachanga nyumba tatu. Mmoja wetu ana mizani ya jikoni, tunagawana barazani Jumamosi, mbele ya watoto, ili kusiwe na maneno. Nauli ya bajaji nayo tunaigawa kwa tatu. Juzi Mangi alinipimia sukari yangu ya robo, akafunga, akaniuliza mbona mchele siku hizi sichukui kwake. Nikacheka. Naye akacheka, akaongeza vijiko viwili juu ya mizani.